Tuachieni Wiki Moja Kati ya Sehemu na Sehemu

Miaka michache iliyopita, Azam TV ilipokuwa ikionyesha ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuitwa Sultan, mama yangu alikuwa miongoni mwa watazamaji wake wasiokosa. Yeye yuko Tanga, mimi niko Sheffield, Uingereza, na kwa miezi mingi mazungumzo yetu ya simu yalianza na shikamoo, yakapitia magoti yake na bei ya sukari, kisha yakahamia kwenye kasri la Sultan Suleiman. Alinisimulia alichokiona, akamtetea Hurrem, kipenzi cha Sultan, kama anayemtetea binti yake wa kumzaa, nami nikamtetea Mahidevran, mwanamke wa Sultan aliyekuwepo kabla yake, kwa kuwa aliyetangulia kuingia ndani ana haki yake. Tuliweza kubishana nusu saa nzima, na tulipokata simu kila mmoja alijua kuwa wiki ijayo mwenzake atakuwa na jambo jipya la kusema.

Kisha nikapata likizo, nikaitafuta tamthilia yenyewe mtandaoni katika Kituruki, yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha, nikaitazama usiku na mchana. Ina sehemu 139, na katika wiki mbili nilikuwa nimempita mama kwa makumi ya sehemu. Siku moja, katikati ya maneno yake, nikamwambia bila kufikiri kwamba Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa Sultan ambaye mama alimpenda, atauawa kwa amri ya Sultan mwenyewe. Upande wa pili wa simu ukanyamaza hata nikasikia feni ya sebuleni ikizunguka. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Sasa, baba, mimi na wewe tutazungumza nini?"

Tangu siku ile nina msimamo ambao wenzangu wa hapa huuona wa kizamani. Tamthilia itolewe sehemu moja kwa wiki, na anayeitoa yote kwa mpigo anawanyima watazamaji kitu ambacho hakimo ndani ya tamthilia, nacho ni muda wa kuizungumza wakiwa wote wamefika mahali pamoja katika hadithi.

Nilikulia Ngamiani, Tanga, katika nyumba iliyokuwa na runinga wakati nyumba nyingi za mtaa wetu hazikuwa nayo. Antena ilifungwa juu ya mlingoti wa mianzi, na kaka yangu ndiye aliyetumwa nje kuizungusha, mara kuelekea Pemba kutafuta TVZ, runinga ya Zanzibar, mara kuelekea Mombasa kutafuta KBC ya Kenya, huku sisi wa ndani tukimpigia kelele, "Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Siku ya Vitimbi, mchezo wa kuchekesha wa KBC, majirani walikuja na mikeka yao, watoto tukakaa mbele miguu imekunjwa, wazee wakapewa viti, na Mzee Ojwang alipokwaruzana na Mama Kayai nyumba nzima ilijibu. Lakini sehemu niipendayo zaidi katika kumbukumbu hiyo ni asubuhi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa jirani aliyekuwa akipika vitumbua. Waliokosa kwa sababu ya msiba, homa au umeme kukatika walikwenda pale kununua kifungua kinywa na kusimuliwa. Yule mama aligeuza vitumbua kwa kijiti chake huku akiigiza sauti za wote, akimtengenezea Mzee Ojwang vituko ambavyo hakika hakuvifanya, na mtu aliyekuwepo jana akiingilia kusahihisha aliambiwa anyamaze kwanza. Kwa siku sita zilizofuata mchezo ule ulikuwa mali ya mtaa.

Waliotunga michezo ya redio kwetu waliijua nguvu ya siku hizo za katikati. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuendelea uliosikika mara mbili kwa juma, ukizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI kupitia watu kama Mkwaju, dereva wa malori mwenye wanawake njia nzima. Kwa miaka 2 ya mwanzo wasikilizaji wa eneo la Dodoma waliwekewa kipindi kingine badala yake, ili watafiti waweze kulinganisha, na matokeo yalionyesha kwamba pale mchezo uliposikika wake na waume walizungumza zaidi kuhusu uzazi wa mpango, na wengi zaidi wakaanza kuutumia. Redio haikuingia chumbani kwa mtu kumpa amri. Ilimwachia siku kadhaa za kumsema Mkwaju na mwenzake, na katika kumsema Mkwaju watu wakajikuta wanasemana wao kwa wao.

Nisije nikaonekana ninaipamba nyumbani kuliko ilivyokuwa, nami pia nimewahi kukesha na tamthilia nyumbani. Zama za DVD zilipofika, vijana wa mtaani tulikodi tamthilia za Kimarekani ziitwazo 24 na Prison Break, tukajifungia chumba kimoja vijana saba na deki moja, na sizoni ya sehemu 24 tukaimaliza kati ya Ijumaa na Jumapili kwa chai ya rangi na mihogo ya kukaanga. Hatukusubiri wiki yoyote, na raha tuliipata, na hadi leo tunakumbushana nani alilala kabla bomu halijapatikana. Kwa muda mrefu kumbukumbu hiyo ilinisumbua, kwa sababu ilielekea kuupinga msimamo wangu, hadi nilipoelewa kwamba tulikuwa sawa kwa sababu ya kile chumba. Hakuna aliyeweza kumtangulia mwenzake, maana skrini ilikuwa moja na rimoti ilikuwa moja. Hata vijana wa sasa wanaokwenda kibandani kuingiziwa sizoni nzima kwenye flashi mara nyingi huirudisha barazani na kuitazama wanne, watano.

Ughaibuni chumba hicho hakipo. Nyumba yangu ya Sheffield ina watu wanne na skrini zisizopungua sita, na kila mmoja ana saa zake, kwa kuwa mimi ni mhudumu katika kituo cha wazee na zamu zangu hubadilika kila wiki, mke wangu hutoka alfajiri, na watoto hurudi kila mmoja kwa wakati wake. Majirani zetu ni watu wema, lakini kwa miaka yote tuliyoishi hapa hakuna aliyewahi kugonga mlango akiwa na mkeka kwapani. Katika maisha ya namna hii, ambamo watu hawawezi tena kukutanishwa na sebule, kinachobaki cha kuwakutanisha ni kalenda. Ukiiondoa kalenda nayo, kila mtu anabaki na hadithi yake peke yake sikioni.

Nimeishuhudia kalenda ikifanya kazi hiyo. Katika masika ya mwaka 2021, wakati janga la korona lilikuwa bado limezuia watu wengi kutembeleana, BBC ilionyesha sizoni ya 6 ya Line of Duty, tamthilia ya kuwasaka askari polisi wala rushwa, sehemu 7, kila Jumapili saa tatu usiku. Kituoni kwetu kulikuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hakuruhusu apelekwe kulala siku hiyo. Aliandika majina ya askari aliowashuku nyuma ya bahasha, kwa kalamu ya risasi ili aweze kufuta, na kila Jumatatu nilipompelekea chai alinisomea orodha na kunitaka nitoe hoja zangu kabla ya kuniruhusu kuondoka. Wapishi walikuwa na mtuhumiwa wao, wafua nguo walikuwa na wao. Sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu wapatao milioni 12.8, na wengi walilalamika kwamba jibu halikuwaridhisha, lakini hata malalamiko hayo tuliyafanya pamoja, tukiwa tumevaa barakoa, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kusafishia.

Septemba ya mwaka huohuo Netflix, huduma ya kulipia ya kutazama mtandaoni, ikatoa Squid Game ya Korea Kusini, sehemu zote 9 kwa siku moja. Ilitazamwa mno duniani, na nilitarajia itazungumzwa kama ile ya Jumapili. Nilipokaa kwenye meza ya mapumziko, mmoja wetu alikuwa ameimaliza Jumamosi, mwingine alikuwa sehemu ya pili, wa tatu alikuwa hajaanza, na mimi nilikuwa katikati. Aliyemaliza alipofungua mdomo tu, yule wa sehemu ya pili aliziba masikio kwa viganja vyote viwili akaomba asiambiwe chochote. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, walisema wahenga, na sisi sote tulikuwa na mtama mdomoni, tukaumeza. Tulizungumzia hali ya hewa. Baada ya wiki mbili, tulipokuwa wote tumemaliza, hakuna aliyekuwa na hamu tena.

Wanaotetea utaratibu wa kutoa yote kwa mpigo wana hoja, nami sizidharau, hasa ile inayonihusu mwenyewe. Husema kwamba mtu wa zamu kama mimi hawezi kuwa mbele ya runinga Jumapili saa tatu, na kwamba ni haki yake kutazama anapopata nafasi. Ni kweli, lakini kutoa sehemu moja kwa wiki hakumlazimishi mtu kuwahi saa. Teknolojia ileile inayoniruhusu kutazama saa kumi alfajiri nikitoka kazini inaweza kuniruhusu kufanya hivyo Jumatatu au Jumatano, ilimradi mlango wa sehemu inayofuata uwe umefungwa kwangu na kwa wengine wote. Hoja nyingine inanipa kazi zaidi. Machi 2025 Netflix ilitoa Adolescence, sehemu 4 kwa siku moja, kuhusu mvulana wa miaka 13 anayetuhumiwa kumuua mwanafunzi mwenzake, na nchi hii iliizungumza kuanzia mashuleni hadi Bungeni, kiasi kwamba shule za sekondari zilipewa ruhusa ya kuionyesha bila malipo. Mimi na binti yangu tuliitazama bega kwa bega na tukakaa hadi usiku wa manane tukizungumza kuhusu simu yake. Ninakubali kwamba hapo kutoa kwa mpigo hakukudhuru kitu, na sababu ninayoiona ni ufupi wake, kwani muda wa takriban saa nne ni jioni moja, na jioni moja familia inaweza kuipata hata huku.

Mambo ni tofauti kwa sizoni ndefu, na wakubwa wa biashara hii wenyewe wameanza kurudi nyuma. Netflix ndiyo iliyouzoesha ulimwengu ulaji huu ilipotoa sehemu zote 13 za House of Cards tarehe 1 Februari 2013. Disney+ ilipoanza mwaka 2019 haikufuata njia hiyo kwa The Mandalorian, bali iliitoa wiki kwa wiki, na Netflix nayo iliigawa sizoni ya 4 ya Stranger Things mara mbili mwaka 2022, kisha ile ya mwisho mara tatu mwishoni mwa 2025. Sidhani kwamba walitufikiria sisi wa meza ya mapumziko. Anayemaliza kila kitu kwa siku tatu anaweza kujiondoa kabla ya kulipia mwezi unaofuata, na hesabu hiyo inatosha kuwarudishia subira.

Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ninawalenga hasa watayarishaji wa nyumbani. Tanzania na Kenya sasa zina tamthilia nyingi za kwetu, nyingine katika ving'amuzi, nyingine zikitolewa YouTube kwa siku maalumu, na wanaozisubiri hawako Dar es Salaam na Nairobi tu. Chini ya kila sehemu mpya utakuta mabinti wanaofanya kazi za ndani Muscat, madereva walioko Doha na wanafunzi walioko Ulaya wakisalimiana, wakiulizana nani kafika wa kwanza, wakimlaani mama mkwe yuleyule kwa maneno yaleyale ambayo yangesemwa kwenye baraza la Ngamiani. Dada aliye chumba cha nyuma cha nyumba ya watu, anayepata saa moja tu ya kwake usiku, anajua kwamba Alhamisi watu wa kwao wanatazama anachotazama. Nasikia baadhi yenu mnatamani kuiga kutoa sizoni nzima siku moja ili muonekane wa kisasa. Nawasihi msifanye hivyo, kwa maana mtatupatia vipande vyote vya picha na kutunyang'anya siku ambayo nasi tuko nyumbani.

Mama hakunikasirikia sana kwa habari ya Ibrahim Pasha, lakini alichukua miezi kabla ya kunisimulia tena chochote. Sasa tunafuatilia tamthilia moja ya Kitanzania inayotoka kila Alhamisi. Yeye huitazama kwa simu ya mpwa wangu, iliyoegemezwa kwenye birika, na mimi huitazama ninapotoka zamu. Ijumaa saa tatu usiku ya Tanga, ambayo wakati wa baridi ni saa kumi na mbili jioni ya huku, ninampigia. Tumekubaliana kwamba anayeanza kusimulia ni yeye, hata kama nimeona kila kitu, na mimi ninauliza, "Ehe, mama, ikawaje?"