Nyuzi 4 zilizotangazwa, jalidi iliyoamkia bondeni

Jioni utabiri umesema usiku joto litashuka hadi nyuzi 4. Asubuhi mkulima wa bondeni anakuta majani ya maboga yamepigwa na jalidi, yaani barafu nyembamba ya usiku wa baridi: yamelegea na kuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Anasema watabiri ni waongo. Hasara yake ni ya kweli, lakini tuhuma ya uongo si ya haki.

Kompyuta za utabiri huigawa dunia vipande vipande. Mfumo wa dunia nzima wa kituo cha Ulaya, ECMWF, hutumia vipande vya takriban kilomita 9. Milimani, kipande kimoja kinaweza kubeba kilele cha mita 1,900 pamoja na kijiji cha mita 900, na kompyuta ikavihesabu vyote kwa kimo cha wastani, tuseme mita 1,400. Hapo hurekebishwa: kila ukishuka mita 100, ongeza nyuzi 0.65. Kijiji kinaongezewa nyuzi 3 na ushei.

Mchana wenye upepo, hesabu hiyo hukaa sawa. Usiku wa majira ya kupukutika majani hugeuka kinyume. Mbingu ikiwa wazi na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto haraka. Hewa inayoigusa hupoa, ikawa nzito, ikateremka makorongoni mithili ya maji na kutuama bondeni. Usiku sasa ni mrefu, kwa hiyo baridi ina saa nyingi za kujikusanya. Shamba lililo mita 100 juu ya mto linaweza kunusurika huku la ukingoni likiungua. Palipotakiwa kupunguza nyuzi, pameongezwa! Tena kipimajoto cha kituo hukaa karibu mita 2 juu ya ardhi, ndani ya kisanduku. Kikisoma nyuzi 3, majani ya chini huenda yameshashika jalidi.

Wanaotegemea wazee wanaosoma mawingu wana hoja: wazee wanajua kona ambayo baridi hulala, na kompyuta haiijui. Lakini hewa baridi ambayo bado iko mwendo wa siku 2 haionekani kutoka mlangoni. Utabiri wa siku 3 huiona, na ndio unaompa mfugaji muda wa kushusha kondoo. Naye asisome mstari wa nyuzi sifuri, yaani kimo ambacho joto la hewa hufika sifuri, kama mpaka wa theluji: mstari huo ukiwa mita 1,500, theluji hufika hata mita 300 chini yake, na mvua kubwa katika bonde jembamba huishusha zaidi, kwa kuwa kuyeyuka kwake hula joto la hewa.

Kosa la watabiri ni kutoa nyuzi bila kutaja kimo. Mpaka wajirekebishe, jua likikaribia kuzama, upepo ukatulia na mawingu yakaondoka, mtu wa bondeni asiiamini hiyo nyuzi 4. Afunike mimea mapema kwa kitambaa kinachofika chini pande zote, maana joto la kuiokoa linatoka udongoni. Nailoni isiguse majani. Yataungua pale pale ilipogusa.