Yai la Mpingo

Mama mkwe wangu akija kutoka Faza, mimi huwa mtu mwingine. Nanyoosha kofia, napunguza sauti, hata kukohoa naenda kukoholea uani. Basi piga picha hali yangu asubuhi ile, kaka yake amekaa katikati ya mkeka wangu, hapa Langoni, mjini Lamu, ana nundu kwenye paji la uso na mkononi ameshika yai lililokataa kuvunjika.

Lakini tuanze na kuku.

Walikuwa mitetea saba, chotara, wa wiki 16. Walikuja kwa basi mpaka Mokowe, upande wa bara, wakavuka kwa boti ndani ya tenga, na mwenye boti akanitoza nauli ya abiria mzima, akidai wana kelele kuliko abiria. Niliwaweka uani, nikawapa majina ya pepo na ya jahazi: Kusi, Kaskazi, Matlai, Umande, Tanga, Foromali na Demani. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye dari yake inauona ua wangu wote pamoja na nguo zangu za ndani zikianikwa, alichungulia siku ya kwanza akauliza:

"Na jogoo yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba kuku hutaga bila jogoo, ila mayai yake hayaanguliwi. Mimi ni mwalimu, nikishika chaki siachi. Nikaeleza mpaka adhana ya alasiri. Akanisikiliza, kisha akasema, "Haya, mwalimu," kwa sauti ile ile anayomwambia mjukuu wake anayedai ameona jini gatini.

Wiki ya 20 Kusi akataga yai la kwanza, dogo kama la njiwa. Nilimpigia simu kila ninayemjua. Baada ya mwezi nilikuwa naokota matano, siku nyingine sita, na hapo ndipo kichwa kikanivimba nikaanza kubana matumizi. Kuku wa mayai hula gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Zidisha kwa saba, ongeza gharama ya kuvusha gunia kutoka bara, halafu tazama mshahara wa mwalimu. Nikaanza kuwapa machicha ya nazi na makoko ya wali. Walifurahi mno. Kuku wa pwani na machicha ni kama sisi na biriani ya arusi, hawana kiasi.

Nilichosahau ni kwamba kile chakula cha dukani kina kalsiamu, karibu asilimia 4, na ganda la yai halitoki hewani. Halafu ilikuwa mwisho wa kaskazi, joto la kupasua nazi, kuku wanahema midomo wazi, na kuku anayehema hivyo ganda lake huwa jepesi hata akila vizuri. Mayai yakaanza kutoka laini kama karatasi iliyolowa. Moja likapasuka kiotani. Kuna mmoja alidonoa, akaonja, akaona kumbe miaka yote amekuwa akigawa kitu kitamu bure.

Mayai yakapungua. Matatu. Mawili. Siku moja nikakuta sifuri na unyevu kidogo kwenye majani. Nikawashuku paka, maana Lamu ukikosa kitu unamshuku paka kwanza. Nikawashuku kunguru. Kwa aibu naungama, nilimshuku hata mjukuu wa Bibi. Mwishowe nikajificha nyuma ya pipa la maji, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, mwavuli kichwani, saa mbili nzima. Bibi alinitazama kutoka darini muda wote wala hakuuliza kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Alikuwa Matlai. Alitaga, akasimama, akageuka, akalikagua yai lake kama mwenye duka anayekagua noti ya elfu moja. Kisha, to! Wenzake walikuja mbio kama wameitwa pilau. Dakika mbili baadaye hapakuwa na ute, kiini wala ganda. Hata polisi wangefunga jalada.

Mzee mmoja wa barazani akanipa dawa: weka yai la uongo kiotani. Kuku atadonoa, mdomo utauma, atakoma. Nikaenda kwa fundi wa nakshi, rafiki yangu wa chuoni, nikamkuta na kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kiti cha enzi. Nikakitaka hicho hicho. Mbao nyepesi, nilimwambia, kuku atalisukuma yai litoke nje. Mpingo ni mzito, hata majini unazama. Nilijiona nina akili sana. Kumbukeni hilo la kuzama.

Fundi alichonga yai ambalo kuku yeyote angelionea fahari. Ila mkono ulimuwasha. Fundi wa Lamu hawezi kuacha mti mtupu, na upande wa butu akachonga waridi dogo, petali nane, kama lile la milangoni. Nikalipaka rangi nyeupe, nikaliweka kiotani. Matlai akalidonoa mara tatu, akanitazama, akaenda zake. Nikatangaza ushindi.

Alhamisi ile mkwe akaingia na boti ya Faza kwa ajili ya arusi, pamoja na kaka yake, mjomba wa mke wangu, nahodha wa zamani, mtu wa maneno na vituko. Sikumweleza mkwe habari za yai. Utaanzia wapi? "Mama, karibu, kuku wangu wanakula watoto wao"?

Jumamosi alfajiri nilikwenda msikitini, nikarudi kupitia barazani. Nyuma yangu mkwe akaingia uani, akaokota mayai, akashukuru Mungu kwa riziki. Mwanamke mzima hachemshi yai kabla ya kulitia majini: likielea ni viza, likizama ni zima. Yote sita yalizama. La sita lilizama kuliko yote.

Mkeka ukatandikwa. Mahamri, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi, na sahani ya mayai ya kuchemsha. Watoto wakamzunguka mjomba, maana wanaijua kazi yake: yeye halipasui yai kwa kijiko wala kwa meza. Hulipiga kwenye paji la uso.

"Ndooni, ndooni muone!" Akachukua yai, pa! Likapasuka vizuri. Watoto wakapiga makofi. "Babu, tena! Kwa nguvu!"

Akachukua la pili.

Ko!

Sijui kama mmewahi kusikia nyundo ikigonga mlango wa zamani usiku. Mara moja nikajua. Lakini nilikuwa na hamri zima mdomoni, na mbele ya mkwe mtu hasemi huku anatafuna. Nikabaki nimetoa macho, napunga mkono kama anayezama. Mjomba, mtu aliyevuka bahari miaka arubaini, hakukubali kushindwa na yai mbele ya watoto. Akavuta pumzi.

Ko!

Kimya. Rangi ilikuwa imebanduka. Mjomba akalitazama lile jeusi lililochungulia kwa chini, akamgeukia dada yake: "Dada, hili si zima. Limeviza mpaka limekuwa jiwe."

"Lilizama!" mkwe akasema kwa hasira. "Nilitia majini mwenyewe, lilizama!"

Ndipo nikameza hamri, nikaeleza. Nilianza na kalsiamu. Mke wangu alijifunika uso kwa leso, mabega yanamtikisika. Mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo, mwanangu, umemchongea kuku yai?"

"Naam, Mama."

Akamimina chai.

Nundu ilipopanda, watoto ndio waliogundua. Katikati yake palikuwa na waridi, petali nane, safi kabisa. Mjomba alikwenda arusini na kofia ya vito imeshushwa mpaka kwenye nyusi, na kila aliyempa mkono alitazama juu kwanza. Fundi alipopata habari alilalamika kwamba paji la uso limeiharibu nakshi yake.

Nikarudi kwenye chakula cha kutagia, machicha kidogo tu jioni. Nikaokota makombe ya chaza ufuoni, nikayaosha, nikayaponda kwenye kinu kibovu, nikayaweka kwenye kopo peke yake kila kuku ajilie kadiri ya haja yake. Viota nikavipa pazia la leso kuukuu, kwani gizani kuku hatagi akakaa kulitazama yai. Na nikawa naokota mara tatu kwa siku, kabla mtu hajapata wazo. Maganda yakakaza, wizi ukaisha. Kama lile yai la mpingo lilisaidia chochote, basi lilimsaidia fundi tu, maana sasa watu wanamwagiza mayai.

Nililipaka rangi upya nikalirudisha kiotani. Wiki mbili baadaye Matlai akalilalia. Hatoki. Manyoya yamesimama, ukimgusa anakudonoa. Kutaga kaacha. Nilimtoa mara nne kwa siku, na mara nne alirudi kuatamia mpingo wake kama anayelinda urithi.

Bibi akachungulia.

"Mwalimu, si ulisema bila jogoo hayaanguliwi?"

"Ndiyo, Bibi. Na hilo ni la mti."

Akafikiri kidogo. "La mti, na lina waridi. Basi huyo ataangua mlango."

Toka siku hiyo ananihesabia. Jana ilikuwa ya 21, na kabla sijamaliza kufungua banda nikasikia sauti kutoka darini:

"Mwalimu! Umeshatoka?"

"Bado, Bibi," nikamjibu. "Umetoka mfaa tu, ule mti wa katikati."