Tulikimbizwa bure? Ulizeni majivu ya Mlima Goma

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, mitaa mingi ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, iliamriwa kuhama. Lava ilikuwa imeshasimama pembeni ya mji. Kilichoogopwa ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopenya chini ya nyumba zetu hadi chini ya Ziwa Kivu: je, ikikutana na maji? Watu wakashika njia ya Sake, wengine Gisenyi, wengine meli za Bukavu, magodoro kichwani. Ziwa halikulipuka, na hadi leo wapo wanaosema tulikimbizwa bure.

Mlima Goma, ule mdogo wa karibu na bandari, haukujengwa na lava iliyotiririka. Ni matabaka ya majivu yaliyogandamana, moja juu ya jingine kama chapati kwenye sahani, alama ya moto uliokutana na maji. Lac Vert, ziwa dogo la kreta upande wa magharibi, ina asili hiyohiyo. Hakuna babu aliyetusimulia milipuko hiyo. Shahidi ni majivu.

Na majivu yanahojiwa kwa kemia. Chembe yake ni kioo: magma ilipoa ghafla, ikabaki na viambato vyake. Maabara huipiga mwale wa elektroni, ikapima silika, potasiamu, sodiamu. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, kwa kawaida chini ya asilimia 40, ndiyo maana ni majimaji na hukimbia. Ya Nyamulagira, volkano jirani, ina silika iliyozidi kidogo. Kwa hiyo chembe iliyotolewa shambani, au kwenye tope la ziwani, inaweza kumtaja mzazi wake.

Wanaopinga pesa kutumika kuchunguza majivu wana hoja nzito. Mwaka 1977, 2002 na 2021, kilichotuua ni lava iliyotoka kwenye nyufa, si majivu. Anayesoma majivu peke yake atadhani mlima ulikuwa umelala. Mvua zetu nazo hugeuza kioo kuwa udongo. Hata tarehe zina mtego: maji ya Kivu yamejaa kaboni ya volkano, ndugu wa ile gesi ya mazuku inayojikusanya mabondeni na kuua, hivyo kipimo cha umri cha kaboni 14 kwenye tope huweza kutoa umri uliozidi ukweli. Afadhali makaa ya mti uliofunikwa nchi kavu. Tena mwaka 2021 mitetemeko ya kuonya ilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Majivu ya kale yangesaidia nini hapo? Pesa iende kwenye mitambo ya kufuatilia mitetemeko, wanasema.

Kuhusu pesa, niko upande wao: mitambo kwanza. Ila mtambo hukuambia magma inasogea. Haukuambii ikifika ziwani itafanya nini, na swali la alfajiri ile lilikuwa hilo. Mwenye kutoa amri ya kuhama anahitaji kujua ufukwe huu umelipuka mara ngapi, lini, na kwa magma ya mlima upi. Wakati huohuo, kila msingi unaochimbwa karibu na ziwa unaweza kukata tabaka lenye jibu, na majivu yakapakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, pamoja na kifusi kingine, yakaenda kutupwa.