Michelle Yeoh hakuanzia kwenye kung fu

Mwandishi wa makala moja kuhusu mwigizaji Michelle Yeoh anasema alikulia kwenye kung fu. Sivyo. Mzaliwa huyo wa Ipoh, Malaysia, alisomea densi ya baleti Uingereza mpaka alipoumia mgongo. Ngumi na mateke alijifunza baada ya kuingia kwenye filamu za Hong Kong miaka ya 1980. Baleti ilimpa wepesi na kumbukumbu ya hatua, na pambano la filamu ni hatua zilizopangwa moja baada ya nyingine.

Makala pia imeruka ajali ya filamu ya 1996, ambayo nusura immalize. Aliruka kutoka darajani kuangukia katoni na magodoro. Katoni huwekwa tupu ili zibonyee, zitoe hewa na kupunguza kasi, lakini shurti utue chali, uzito usambae mwili mzima. Yeye alitanguliza kichwa, kikazama, miguu ikamfuata juu na kumkunja mgongo. Hapo godoro halisaidii kitu. Miaka michache baadaye ikawa zamu ya goti: aliumia kano akirekodi Crouching Tiger, Hidden Dragon, filamu ya mapigano ya upanga ya mwongozaji Ang Lee, akafanyiwa upasuaji, akarudi kumalizia. Oscar ya 2023 ilimkuta na miaka 60, tena kwa filamu ambayo bado anapigana!