Shali Iliyokataa Kuwa Mbili

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye tangu usiku ule sijui nimwite rafiki au mpiga picha, amekwisha kuisambaza video kwenye kundi la ukoo baada ya kuikata mahali panaponidhalilisha zaidi, naomba nami nisikilizwe. Ndiyo, mwalimu wa hisabati aliyewafunga mama wawili pamoja kwenye sendofu ni mimi.

Shali ile ilikuwa ukanda wa Möbius. Unachukua ukanda mrefu, unageuza ncha moja nusu mzunguko, kisha unashona ncha zote mbili pamoja. Wajerumani August Möbius na Johann Listing waliligundua umbo hilo mwaka 1858, kila mmoja kivyake. Halina upande wa ndani wala wa nje, kwa hiyo shali ya namna hiyo huwezi kuivaa kinyume hata ukiivalia gizani, na hilo ndilo lililoniponza. Nilifuma kanda mbili nyeupe, nikaziunganisha ubavu kwa ubavu kwa uzi wa dhahabu unaochomoka ukivutwa, nikaupa ule mpindo, nikashona ncha. Shangazi yangu, mama wa bibi harusi, na mama wa bwana harusi wangevishwa pamoja, uzi ungechomolewa mbele ya wageni, na kila mmoja angeondoka na shali yake.

Mshereheshaji akanipa kipaza sauti, muziki ukazimwa, nikaanza kuvuta. Uzi ulitoka taratibu, mshono kwa mshono, ukazunguka mgongo wa Shangazi, ukapita begani kwa mwenzake, ukajikunja zuliani huku vigelegele vikipanda. Ulipokwisha, nikatamka kwa sauti ya darasani: "Shangazi, simama uchukue yako."

Shangazi akasimama. Mwenzake naye akainuka bila kupenda, kilemba kikamshukia jichoni. Shangazi akavuta kulia, mwenzake akaenda kulia. Mwenzake akavuta kushoto, Shangazi akamkanyaga kiatu. Nikashika shali nikaifuata kwa vidole, nikitarajia kuikuta ya pili. Vidole vikapita kwa Shangazi, vikapita kwa mwenzake, vikarudi kwa Shangazi, vikapita tena kwa mwenzake, vikaishia pale pale nilipoanzia, na hapakuwa na uzi mweupe ambao sikuwa nimeugusa. Ule mpindo ulikuwa umeshona ukanda wa juu kwenye ukanda wa chini, na ndiyo maana ukanda wa Möbius ukipasuliwa katikati hautoi pete mbili, bali pete moja yenye urefu maradufu. (Mnaocheka, chukueni karatasi na gundi mjaribu kwanza, ndipo mrudi kunitukana.)

Shangazi akaniinamia, akaninong'oneza swali ambalo kipaza sauti kilichokuwa mkononi mwangu kililifikisha hadi kwa wapishi nje ya ukumbi: "Hivi wewe mtoto, ndiye unayefundisha watoto wa watu?"

Mkasi ukaletwa, nikakata mahali pawili bila kupima, keki ikaliwa, watu wakacheza. Mama wa bwana harusi aliondoka na kipande kirefu kuliko cha Shangazi, na kwa habari nilizonazo, suala hilo ni ajenda ya kwanza kwenye kikao cha kuvunja kamati.