Kanuni za kumlinda mtoto kwenye kriketi hazimshuku mtu

Kila msimu wa kriketi ukikaribia Uingereza, vilabu vya ridhaa huwarudisha watu wao kwenye kanuni za mwenendo na ulinzi wa watoto, na manung'uniko huwa yale yale. Mtu anajitolea Jumamosi zake, anabeba vifaa, anakata nyasi, halafu anatakiwa akaguliwe rekodi za jinai na kuambiwa asioge wakati mtoto wa timu yumo bafuni. Anajiona mshukiwa.

Uchungu huo usipuuzwe, maana wa kujitolea hawapatikani kirahisi. Ila itazame kanuni ambayo watu hao hao wanaifuata bila neno. Mchezaji wa kundi la chini ya miaka 15 anayezuia mipira uwanjani hasimami ndani ya yadi 8, yaani mita 7.3, kutoka kijiti cha kati cha wiketi, vile vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, mpaka mpigaji auchezee mpira. Wa chini ya 13 ni yadi 11, mita 10 hivi. Palipoachwa huru ni nyuma ya wiketi tu, upande wa ofu, yaani ule anaoukabili mpigaji. Kuvaa helmeti hakupunguzi umbali. Mtoto akisogea, mwamuzi husimamisha mchezo papo hapo. Na mtoto wa chini ya 13 anayechezeshwa na wakubwa hukutana na mpira wa gramu 156 hadi 163, si ule wa gramu 135 aliouzoea. Hakuna nahodha anayelalama kwamba mwamuzi kamwita katili. Kanuni ya umbali haiulizi nani mwema.

Ya chumba cha kubadilishia nguo nayo haiulizi. Wakubwa na watoto hawavui wala kuoga kwa wakati mmoja, na simu haitolewi humo. Klabu yenye chumba kimoja hupanga zamu, au watoto hufika wakiwa wamevaa kabisa. Panapoharibika ni siku ya mvua: mechi inavunjwa, wote wanakimbilia ndani kwa pamoja, zamu inasahaulika. Pengine ni jioni, mzazi amechelewa na kocha amebaki peke yake na mtoto kwenye maegesho. Jambo hilo huamuliwa kabla ya msimu: watu wazima wawili wanabaki, mzazi anapigiwa, mtoto anakaa panapoonekana. Ujumbe wa kocha kwa mtoto nao humfikia mzazi pia. Kocha mwadilifu ndiye anayefaidika zaidi hapa, kwani hakuna saa ambayo atatakiwa kuieleza bila shahidi.

Cheti cha DBS, yaani cha ule ukaguzi wa rekodi za jinai, kinachotegemewa kupita kiasi, huonyesha yaliyorekodiwa hadi siku kilipotolewa, basi. Sheria yenyewe ilichelewa: mpaka Juni 2022, England na Wales zilimkataza mwalimu wa shule kujamiiana na mwanafunzi wake wa miaka 16 au 17, lakini kocha wa michezo hakuguswa.

Walalamikaji wana hoja ya kweli kuhusu wingi wa makaratasi. Fomu zikirundikwa kwa afisa mmoja wa ulinzi wa watoto, wengine hudhani kazi imekwisha, na nahodha wa timu ya pili hajui hata amripoti nani. Anachohitaji ni kifupi: asichunguze mwenyewe, asimwahidi mtoto siri, aandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, ampe afisa siku hiyo hiyo, na kama mtoto yuko hatarini wakati huo, awapigie polisi simu kwanza.