Upepo wa Tairi Ulivyoniumbua Mbele ya Waifu

Mi nilisema wazi kabla hatujatoka, safari hii hakuna kuuliza mtu kitu. Ramani nimeshapakua kwenye simu, video za kuendesha milimani na jangwani nimeangalia wiki tatu usiku usiku mpaka waifu akazoea kulala na sauti ya yule jamaa wa magari, watoto tumewapeleka kwa bibi yao, siku nne ni mimi na yeye tu, milima, jangwa na vimji vya njiani. Yeye aliuliza swali moja tu wakati napakia: "Baba watoto, hiyo pampu ya upepo unaitoa kwenye buti ya nini?"

Nikamwambia naitoa ili spika ikae. Ile spika kubwa ya kuchaji, si mnaijua. Akaguna. Ule mguno ningeusikiliza vizuri siku ile saa hizi nisingekuwa naandika haya.

Siku ya kwanza tukaanza kupanda mlima, raha tupu, masikio yanaziba, tunatafuna bigjii, muziki unalia. Kumbe huko siti ya nyuma pakiti za kripsi zinavimba taratibu. Nimekuja kujua baadaye kwamba ukifika mita 3,000 kanieneo ya hewa imebaki kama asilimia 70 tu ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo ile hewa iliyofungiwa ndani ya pakiti inaanza kujitanua kama mgeni aliyeambiwa jisikie uko nyumbani. Mi sijui lolote, niko kwenye kona kali, kulia ukuta wa mwamba kushoto mawingu, mara nyuma ya shingo yangu PAAA!

Nilifunga breki gari ikalia. Nikashuka mbio, nikapiga teke tairi ya kwanza, ya pili, zote nne, nikarudia, nikainama uvunguni na suruali yangu mpya nikatoka na tope magotini. Zote nzima. Namwambia waifu kwa sauti ya kiume kabisa tulia usishuke, kuna tairi imepasuka ila sijajua ni ipi. Yeye ananiangalia tu kupitia dirishani huku anatafuna kitu.

"Rudi ndani baba watoto. Imepasuka ya pilipili."

Sikuongea kilomita kama kumi hivi.

Kushuka upande wa pili nako nikawa nakanyaga breki mwanzo mwisho, ikaanza kuja harufu, nikamwambia hiyo ni miti ya huku. Akauliza miti gani inanuka breki, weka gia ndogo injini yenyewe ishike gari. Nikaweka, shingo upande, na kweli ikashika. Halafu ile chupa ya maji aliyokunywa kule kileleni akaifunga ikiwa tupu, tulivyofika bondeni ilikuwa imejikunja yenyewe imekonda kama imefunga mwezi mzima. Akainyanyua akanionyesha, hakusema kitu. Nadhani hewa ilikuwa inanipa onyo tangu siku hiyo.

Sasa jangwani. Siku ya tatu, barabara ya lami imeisha kitambo, naona kwa mbele njia imepinda sana kuzunguka kichuguu cha mchanga, na mi nimeangalia zile video, nikasema tunakatiza hapa katikati. Mita themanini hazikufika. Gari ikazama. Nikakanyaga mafuta, ikazama zaidi, nikakanyaga kwa hasira, ikakaa chini kabisa tumboni kama ngamia aliyegoma. Waifu akatoa kofia yake akavaa, akashuka, akatafuta kivuli cha gari, akakaa.

Hapo ndo ilikuwa zamu yangu ya kung'ara, maana hili somo nililisoma vizuri. Mchangani unapunguza upepo, tairi ikilegea inatanuka pale inapogusa chini, inakanyaga kwa upana kama mguu wa ngamia badala ya kuchimba kama kisigino. Kipimo ninacho (kipimo hakichukui nafasi ya spika). Nikazunguka tairi moja moja, pssssss, kutoka 35 nikazishusha mpaka 15, nikachimba mchanga kwa sahani, nikatandika kapeti za gari mbele ya magurudumu, nikawasha, nikaondoka taratibu bila papara. Likatoka! Jamani likatoka mpaka kwenye njia! Nilishuka nikacheza, waifu akapiga makofi, akaniita mume wangu, neno ambalo hakulitumia tangu ile pakiti ya pilipili.

Halafu akasema, "Haya, sasa zijaze tuondoke."

Nikafungua buti. Ndani kulikuwa na spika. Ambayo chaji iliisha tangu juzi.

Basi mji wa karibu ulikuwa kilomita 38 na tairi zikiwa na upepo ule huwezi kukimbia, pembeni zinajikunja zinapata moto, na ukikata kona vibaya tairi inaweza kuchomoka kwenye ringi, kwa hiyo tukawa tunatembea 20 kwa saa, gari linanesa kama linatembea kwenye godoro. Mara nikaona kwenye kioo mtu anakuja. Mzee, kwenye baiskeli, kafunga dumu nyuma. Akatufikia. Akatupita.

"Shikamoo mzee," nikamwambia dirishani.

"Marahaba, polepoleni jamani."

Mbele akapumzika chini ya mti, tukampita sisi. Nikapungia mkono kwa dharau kidogo, siwezi kuficha. Baada ya muda huyooo, katupita tena. Sasa hapo unasema nini, shikamoo tena? Nikapiga honi ndogo. Mara ya tatu aliyotupita yeye ndo alitusalimia, akauliza kama gari linaumwa, nikamjibu hapana mzee tunaangalia mandhari. Waifu akageukia dirisha lake, mabega yakawa yanatikisika.

Tulifika mjini saa mbili baadaye. Mji wenyewe ni mtaa mmoja, na fundi tairi mmoja, na mashine yake ya upepo ni ya umeme na umeme umekatika tangu asubuhi. Fundi akakuna kichwa. Akaita, "Mzee! Una ile kitu yako?"

Mzee wetu wa baiskeli alikuwa kakaa kwenye benchi kivulini, keshakunywa maji, keshapoa. Akaenda kwenye baiskeli yake akafungua kamba, akachomoa pampu ya mkono, ndefu, imefungwa pembeni ya fremu mahali ambapo kipofu angeiona. Mdomo wake unaingia kwenye tairi ya gari bila shida yoyote.

Mzee alijaza ya kwanza mwenyewe, ananipa moyo. Tatu zilizobaki zikawa zangu. Tairi moja ni pampu kama mia tatu hivi, na najua kwa sababu waifu alikuwa anahesabu kwa sauti, watoto wa pale wakamuunga mkono, nilivyofika mia mbili arobaini ya tairi ya mwisho mikono imekufa nikakaa chini, nikamuuliza huku nahema:

"Hivi we... hii pampu hukuiona wakati anatupita?"

"Niliiona tangu ile mara ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema?!"

"Si ulisema hakuna kuuliza mtu kitu," akasema, akakung'uta mchanga kwenye kofia yake. "Mia mbili arobaini na moja."